Nani Ahakiki Nyimbo Ziingiazo Majumbani Mwetu?

Mtu anayefika Nyarugusu jioni, akitokea Geita mjini, huusikia mji kabla ya kuuona. Mchana kutwa makarasha yanasaga mawe ya dhahabu, na jua linapotua huja juu yake sauti nyingine: spika za vibanda vya simu, kila kibanda na wimbo wake, hakuna kinachompisha mwenzake. Adhana ya magharibi hupita katikati ya sauti hizo kama mzee anayevuka barabara yenye magari mengi. Nimekwenda huko mara tatu sasa kumtembelea mdogo wangu, ambaye aliondoka nyumbani kwetu Tabora kufuata biashara ya vipuri vya makarasha, akaoa, akajenga, akabaki. Safari hii ya tatu nilimkuta ameshika kitu kidogo mno kwa ghadhabu kubwa mno.

Kitu chenyewe kilikuwa memori kadi, ukubwa wa ukucha, aliyoitoa katika simu ya bintiye aliye kidato cha pili. Binti alikuwa jikoni na mama yake, amenyamaza. Wifi yangu naye alikuwa amenyamaza, ila ule ukimya wa mtu ambaye ameshasema yake.

“Dada, wewe ni mtu wa magazeti,” mdogo wangu akaniambia kabla sijavua viatu. “Niambie humu ndani zipi halali na zipi haramu, nizifute za haramu, tulale.”

Nikamwuliza ni wimbo upi katika kadi hiyo aliousikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna. Alikuwa amesikia vipande tu, binti akiviimba anapoosha vyombo, na kipande kimoja kilikuwa kimemtosha.

Ndugu msomaji, kabla sijaendelea niseme jambo moja ili tusije tukakoseana. Kuhusu ala za muziki, wanazuoni wametofautiana tangu zamani. Wapo waliozizuia wakitegemea hadithi ya ala iliyomo katika Sahihi al-Bukhari, na wapo waliotazama kwanza maneno, mahali na athari kabla ya kutoa hukumu. Imam al-Ghazali alitenga kitabu kizima ndani ya Ihyaa kwa ajili ya adabu za kusikiliza. Mimi si mufti, na familia ambayo mlangoni pake haupiti wimbo wenye ala ina hoja yake na ina haki yake. Lakini ukweli wa nyumba nyingi ninazozijua, za Nyarugusu, Tabora na Dar es Salaam, ni kwamba nyimbo zimeshaingia, na sisi wazazi ndio tuliobaki nje. Nilichomwahidi mdogo wangu ni kazi ndogo kuliko fatwa: tukae pamoja, tusikilize, kisha kila mmoja aseme alichosikia na kwa nini. Katika fasihi kazi hiyo tunaiita uhakiki. Vitabu vyetu vya riwaya na mashairi vina wahakiki wake tangu zamani. Albamu, ambazo watoto wetu wanazijua kwa moyo kuliko kitabu chochote cha shule, karibu hazina.

Tulikaa usiku wa siku nne, baada ya isha, katika mkeka mmoja.

Kwanza ilibidi tujue tumeshika nini. Kadi ilikuwa na nyimbo zaidi ya 400. Binti alieleza namna zilivyoingia: unakwenda kibandani na shilingi elfu moja au mbili, kijana anaichomeka kadi kwenye kompyuta, anakuuliza unataka za aina gani, unamjibu “changanya”, naye anaijaza hadi inakataa. Hakuna jalada, hakuna jina la mtunzi wala la mtayarishaji, na mara nyingi hata la mwimbaji halipo. Lipo neno “wimbo” na namba. Wimbo wa kwanza wa albamu fulani umelala kando ya wimbo wa tisa wa albamu nyingine iliyotoka miaka 20 nyuma. Neno “mpya” huko lina maana yake: wimbo ni mpya siku unapoingia kwenye kadi yako. Na wala tusijifiche: biashara hii inamnyima msanii jasho lake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoizaa COSOTA, ila mkono wake haujafika kwenye kompyuta za vibanda vya machimbo. Mchimbaji anayemlaani mwenzake kwa kumwibia kiroba cha mawe hununua nyimbo 400 kwa bei ya soda mbili bila kuona tatizo.

Kwa hiyo usiku wa kwanza tulifanya kazi ya kukusanya. Binti, ambaye anajua sauti zote, alitusaidia kuzirudisha nyimbo makwao, na mimi nilikuwa na simu yenye orodha za albamu zenyewe. Tukaanza na ile aliyoipenda zaidi.

“I Am Zuchu” ilitoka Aprili 2020, nyimbo saba tu, ya binti wa Kizanzibari aliyekuwa hajulikani na ambaye mama yake alikuwa anajulikana kupita kiasi. Khadija Kopa aliimba na Culture Musical Club kule Unguja kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuwa nguzo ya taarabu ya TOT, katika miaka ile ambayo TOT na Muungano walikuwa wakijibizana kwa mipasho, mji mzima ukagawanyika. Ukilijua hilo unaisikia albamu hii tofauti. Mapigo ni ya vijana, kompyuta imefanya kazi yake, lakini namna sauti inavyopanda, ikakawia juu, ikashuka kwa ngazi ndogondogo, si ya Marekani wala ya Nigeria. Ni ya Unguja. Katika “Mauzauza” mama mwenyewe anaingia, na hapo tofauti ya wanafunzi wawili wa shule moja inakuwa wazi: mama anaibeba kila silabi mpaka mwisho wake, binti anaipitia haraka ili aiwahi ngoma. Wifi yangu, ambaye hakuwa amesema neno usiku ule, alisema, “Huyo mama anajua Kiswahili.” Ulikuwa uhakiki tosha.

Kasoro yake ni kwamba nyimbo saba zinazunguka chumba kimoja. Mapenzi yamekuja, mapenzi yamekwenda, mapenzi yaombwe radhi, na usiku wa starehe katikati. “Hakuna Kulala” jina lake linajieleza, nao ndio wimbo ambao mdogo wangu alikuwa ameusikia kwa vipande. Aliusikiliza wote, akasema hautaki. Nikamwuliza kwa nini, akatafuta neno kwa muda. “Hauna mtu ndani,” akasema. Nikamwandikia hilo katika daftari, kwa sababu ni hoja. “Haramu” peke yake, kutoka kwa mtu asiyesikiliza, bintiye alikuwa ameshaizoea kama kelele ya karasha.

Albamu za wanaume wawili wakubwa tulizipitia kwa haraka zaidi. “Afro East” ya Harmonize, ya Machi 2020, ina nyimbo 18, na nadhani 8 zingetosha. Wageni ni wengi kuliko wenyeji wa karamu: Burna Boy, Yemi Alade, Mr Eazi, na wengine, kila mmoja na lafudhi yake, na mwenye nyumba anaonekana kuwa na haraka ya kuwaridhisha wote. Lady Jaydee ndiye mgeni pekee ambaye nilitamani asiondoke. “Only One King” ya Ali Kiba, ya Oktoba 2021, imetulia zaidi. Nayo ina wageni, akina Sauti Sol wa Kenya, Rude Boy na Mayorkun wa Nigeria, lakini sauti ya mwenyewe haipotei, na katika “Utu” anapoachwa aimbe peke yake bila papara unatambua kwamba huyu ni mwimbaji kabla ya kuwa nyota. Mdogo wangu alipotafsiriwa jina la albamu alitikisa kichwa. “Mfalme ni Mmoja, naam,” akasema, “lakini si huyu.” Tulicheka wote, na binti akacheka zaidi, na nikaona mambo yameanza kulegea.

Jambo moja hapa linanikera. Hesabu majina: “I Am Zuchu”, “Afro East”, “Only One King”, “Definition of Love” ya Mbosso, “Peace and Money” ambayo Zuchu aliitoa mwishoni mwa 2024. Ndani mna Kiswahili, tena mara nyingine Kiswahili kizuri, kilichonolewa na madrasa na mitaa ya Tandale, Kariakoo, Kibiti na Unguja; mlangoni kimebandikwa Kiingereza, kana kwamba mgeni anayesubiriwa hajui njia ya kuja kwetu. Wengi wa vijana hawa ni watoto wa Kiislamu: Naseeb, Rajab, Ali, Zuhura, Mbwana. Sikio lililopita madrasa hulitambua lile kunjo la sauti wanalolitumia mwisho wa mstari, maana lilifundishwa kwa qaswida kabla ya studio.

Usiku wa pili ulikuwa na mshangao ambao sikuupanga. Katika kadi tulikuta nyimbo mbili za albamu ya Professor Jay, “Machozi, Jasho na Damu”, ya mwaka 2001. Binti alizijua kama “za zamani”. Mdogo wangu alizijua zote mbili, neno kwa neno, na hakuweza kuzuia midomo yake. Alikuwa kijana Tabora wakati ule. Bintiye alimtazama kama mtu anayemwona baba yake kwa mara ya kwanza.

Albamu hiyo, iliyotengenezwa na P-Funk katika studio ya Bongo Records, ndiyo kwa maoni yangu kipimo ambacho albamu za rap ya Kiswahili bado zinapimwa nacho. “Ndio Mzee” unamleta mgombea jukwaani; anaahidi, anaahidi tena, ahadi inavuka mpaka wa akili, na umati unaitikia kila mara. Kinachonifurahisha kama mhakiki ni kwamba mtunzi hamlaani mtu. Anamwacha mgombea ajiseme mpaka aumbuke mwenyewe, na umati unaoitikia nao hauachwi salama. Katika mji kama Nyarugusu, ambako kila msimu wa kura mtu hupita akiahidi wachimbaji wadogo maeneo ya kuchimba, maji na barabara, wimbo ule haujazeeka hata siku moja. Na mtunzi wake, Joseph Haule, mwaka 2015 mwenyewe aligombea na akawa mbunge wa Mikumi kwa miaka mitano. Nilimweleza binti hilo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Sasa shangazi, naye walimwitikia?” Sikuwa na jibu, na nilifurahi kutokuwa nalo.

Tuje upande ambao wengi wetu hatuuhakiki kwa sababu tunadhani hauhitaji. Mdogo wangu alikuwa na kundi la nyimbo ambazo alizipitisha bila kusikiliza: zile zenye jina la Allah ndani yake. Miongoni mwake kulikuwa na za Maher Zain, Mlebanoni aliyekulia Sweden, kutoka albamu ya “Thank You Allah” ya mwaka 2009. “Baraka Allahu Lakuma” umepigwa katika harusi nyingi za Kiislamu kuanzia Mwanza mpaka Muscat. Albamu ile ilitolewa kwa namna mbili, moja ikiwa na ala zote na nyingine ya sauti na ngoma tu, ili kila familia ichague kwa mujibu wa msimamo wake. Nilikuwa na ile ya pili kwenye simu. Kadi ilikuwa na ya kwanza. Tulizisikiliza moja baada ya nyingine, na mdogo wangu, ambaye wiki nzima alikuwa akipambana na kinanda cha Zuchu, aligundua kwamba kinanda kile kile kilikuwa kimekaa sebuleni kwake kwa miaka, kimevaa kanzu.

Kama kazi ya sanaa, toleo la ngoma lina nguvu zaidi masikioni mwangu. Sauti zinapoachwa zijitegemee unasikia walivyozipanga, moja inajibu nyingine, na maneno yanakuwa na nafasi ya kupumua. Toleo la ala limejazwa sukari. Lakini kasoro kubwa ya albamu yote, kwa nyumba kama ile, ni lugha. Sehemu kubwa ni Kiingereza, na binti alikuwa akiimba kwa hisia nyingi maneno ambayo nusu yake hakuyaelewa, kama alivyokuwa akifanya kwa wageni wa Nigeria.

Qaswida zetu wenyewe hazina udhaifu huo. Kwenye kadi zilikuwamo kama 30, nyingi za madrasa za Dar es Salaam, Tanga na Unguja, na ninazisema kwa ujumla kwa sababu kibanda hakikuacha jina hata moja. Vina na mizani vimeshikwa barabara. Hapa bado kuna watunzi wanaohesabu silabi kama babu zao walivyohesabu. Watoto wanaimba kwa pamoja bila kuvutana. Lakini studio inazidhulumu. Mwangwi umemiminwa mpaka maneno yameyeyuka, kinanda kinapiga mapigo yale yale kiliyotoka nayo kiwandani, na mara kwa mara unakuta mahadhi yameazimwa kutoka filamu ya Kihindi au wimbo wa mapenzi uliovuma mwaka jana. Binti aliutambua mmoja papo hapo, akaanza kuimba maneno yale mengine, ya asili, juu ya sifa za Mtume. Akajishika mdomo. Kosa si lake. Aliyeazima mahadhi aliazima na kumbukumbu zake zote, na maneno mema hayatoshi kuzifuta. Laiti tungekuwa na desturi ya kuwaambia walimu wa madrasa, kwa upole na kwa hoja, kwamba qaswida hii imetungwa vizuri na ile imefanywa kwa haraka, tungekuwa na qaswida bora zaidi. Tunasema “mashaallah” kwa zote, na zote zinabaki pale pale.

Ugumu huu wa ala na imani haukuanzia kwetu. Yusuf Islam wa Uingereza, aliyejulikana zamani kama Cat Stevens, aliweka gitaa kando kwa muda mrefu baada ya kusilimu mwaka 1977, akarejea nalo katika albamu ya mwaka 2006. Hapa nyumbani Mzee Yusuf, mwanzilishi wa Jahazi Modern Taarab, alitangaza mwaka 2016 kuiacha taarabu na kumrudia Mola wake. Baadaye akarejea jukwaani. Watu walisema mengi juu ya kwenda kwake na kurudi kwake. Wachache sana walizungumza juu ya kazi zake zenyewe, zilikuwa na nini na zilikosa nini.

Usiku wa tatu niliwasikilizisha kitu ambacho hakikuwa kwenye kadi. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu iitwayo “Siti of Unguja”, akizirudia nyimbo zinazohusishwa na bibi yake mkuu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri ambazo zilisikika pwani nzima. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Albamu ya kitukuu ni ya taratibu mno. Udi na fidla haviharakishi, na nyuma yake kuna vyombo vya kisasa vilivyowekwa mbali kama taa za meli usiku. Mara moja au mbili nilitamani hizo taa zizimwe kabisa.

Wimbo uliotushika ni “Kijiti”. Kisa chake ni cha kweli, cha zama za Siti mwenyewe: mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa Unguja, mshukiwa akaponyoka akavuka bahari, na wanawake waliokuwa mashahidi ndio walioadhibiwa na mahakama. Siti aliwaimbia watu kesi ambayo hawakuwa na gazeti la kuisoma. Binti alitaka tuurudie. “Waliosema ukweli ndio walioadhibiwa?” aliuliza, akimtazama mama yake na si mimi. Wifi yangu akamjibu kwamba hayo hutokea, na yeye asiache kusema. Baba alikuwa kimya. Albamu iliyofanya hivyo katika mkeka mmoja inastahili kuitwa nzuri, hata kama mwendo wake utawachosha vijana wa vibandani.

Wakati huo huo, ukuta wa pili, jirani alikuwa anapiga nyimbo za Kisukuma. Mimi ni Mnyamwezi, nilikuwa nikipata nusu. Binti, aliyekulia kati ya Wasukuma, alinitafsiria nusu iliyobaki. Na hapo nikakumbuka kwamba eneo hili lilikuwa na uhakiki wake muda mrefu kabla ya redio. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kwa majina ya Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huhukumu kwa miguu: hukimbilia upande unaowavutia, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Tamasha la Bulabo, pale Bujora karibu na Mwanza, limeyaendeleza mashindano hayo. Watunzi hupigana kwa maneno makali na ya ndani, na msikilizaji asiyejua lugha vizuri hupitwa na nusu ya vita. Zamani walitafuta pia dawa za kuuvuta umati, na hapo Mwislamu hujitenga. Lakini tazama jinsi hukumu ya umati ilivyoturudia: leo tunaambiwa wimbo umetazamwa mara milioni kadhaa kwenye YouTube, na hesabu hiyo inachukuliwa kuwa ndiyo ubora. Angalau pale Bujora aliyekimbia upande mmoja aliwaona kwa macho yake waliobaki upande wa pili.

Na singeli? Kijana mmoja wa karasha aliyepita kusalimia alitulazimisha tuisikilize. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, sauti zimekimbizwa mpaka zinalia kama ndege. Mdogo wangu alisema ni karasha lenye maneno, na hakukosea sana. Nami nadhani ndiyo sababu vijana wa machimbo wanaipenda. Ajabu ni kwamba mkusanyiko wa “Sounds of Sisso”, uliorekodiwa katika studio ndogo ya Mburahati na kutolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliandikiwa tahakiki ndefu Ulaya, wakati kurasa zetu za burudani zilikuwa zinatueleza nani kaachana na nani.

Hilo ndilo pengo. Kati ya udaku na marufuku hatuna kitu. Enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam maneno ya wimbo yalipitiwa kabla ya bendi kuingia studio, na ndiyo maana baba yetu aliweza kuiacha redio wazi sebuleni, Tabora Jazz wakiimba, bila kuwa na wasiwasi na watoto. Mfumo ule uliwafunga watunzi mikono kwa mengine, na siuombei urudi. Lakini kilichokuja baadaye ni nini? Tuzo kubwa za muziki nchini, hadi mwaka 2015, zilibeba jina la bia; ziliporejea mwaka 2022 zikiwa chini ya BASATA angalau jina hilo halikuwapo. Na marufuku huja kwa kuchelewa. Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond. Mwezi uliofuata wakauimba jukwaani, tena katika jiji lenyewe la Mwanza, wakasimamishwa, na Januari 2019 wakaachiwa. Machi 2024 baraza la sanaa la Zanzibar lilimsimamisha Zuchu kwa miezi sita visiwani kwa onyesho alilofanya Kendwa. Huenda mabaraza yalikuwa na haki katika yote hayo. Lakini mtoto wa Nyarugusu alijifunza nini? Alijifunza jina la wimbo wa kuutafuta kibandani. Hakuna aliyemweleza kwamba wimbo ule, achilia mbali aibu yake, umetungwa kivivu.

Usiku wa nne binti alileta daftari lake. Alikuwa amechora safu: mwimbaji, mtunzi, unasema nini, umesemaje, ningempa nani ausikilize. Hukumu zake hazikufanana na zangu. “Afro East” aliipa alama ya juu kuliko nilivyoipa, akasema mimi siwasikii wageni kwa sababu sitaki kuwasikia, na huenda ana haki. “Siti of Unguja” aliipenda wimbo mmoja tu. Qaswida iliyoazima mahadhi aliiandikia mstari mmoja: “Maneno mazuri, nguo si yake.” Safu ya mtunzi karibu yote ilikuwa tupu, kwa hiyo asubuhi yake tuliongozana hadi kibandani kuuliza. Kijana wa kompyuta alitusikiliza kwa heshima, akaamkia, akatafuta kidogo.

“Shangazi,” akaniambia, “hapa majina huwa hayaulizwi. Ila mkiyapata niletee, nitayaandika.”

Kadi ilirudi kwa mwenyewe siku ile ile. Baba na binti walikuwa wameketi nayo asubuhi, wakafuta nyimbo 60 na kitu, nyingine kwa shauri la baba, nyingine, kwa mshangao wake, kwa shauri la binti. Mmoja waliuzozania. Yeye alitaka ufutwe, binti alisema hajausikiliza hadi mwisho, wakausikiliza mara mbili, na bado hawakukubaliana. Hadi napanda gari kurudi Geita mjini ulikuwa haujafutwa.